Baridi Kigeugeu ya Atlanta: Vituko Kumi, Kuanzia Kinyonge Hadi Mfalme

Kuna miji ambayo baridi yake ina adabu. Minneapolis, kwa mfano: baridi inaingia Novemba, inakaa, inaaga Aprili, na muda wote huo hakuna anayeuliza avae nini. Limuru nako mwezi wa Julai mambo ni wazi: sweta asubuhi, sweta mchana, sweta jioni, na chai katikati. Sasa njoo Atlanta, jimboni Georgia, kusini mwa Marekani, mji ambao watu huhamia wakifuata joto. Joto lipo kweli. Na Januari 1985 kipimo cha mji huo huo kilishuka hadi nyuzi 22 chini ya sifuri.

Mchochezi wa ugomvi huu ni jiografia. Atlanta iko karibu latitudo moja na Baghdad, ila imekaa juu kidogo, takribani mita 320 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Kanada kushuka hadi huko hakuna safu ya milima iliyolala mashariki-magharibi ya kuizuia hewa ya Aktiki. Ikiamua kuja, inateremka tu. Kutoka kusini, Ghuba ya Mexico inapuliza hewa ya joto iliyojaa unyevu. Hewa hizo mbili zinakutana juu ya mapaa ya Atlanta, na hakuna inayokubali kupisha. Kwa hiyo ukisoma kwamba wastani wa Januari ni nyuzijoto 12 mchana na 2 usiku, usifungashe sanduku kwa kutegemea namba hizo. Wastani ni mapatano ya kwenye karatasi.

Sasa kanuni za mashindano. Ukali wa baridi hauna alama hapa. Anayetaka ukali aende Alaska. Alama zinatolewa kwa ukigeugeu: kuahidi hiki na kuleta kile, kuvuruga mipango, na kuwafanya watu wazima wagombane kuhusu koti. Najua utaruka moja kwa moja hadi namba moja. Ruka, una haki. Ila ukifika huko ukataka kubisha, rudi kwanza usome namba tatu, maana hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja.

10. Siku ya kaptula mwezi wa Januari

Jumamosi ya katikati ya Januari. Jua limetoka, kipimo kinapita nyuzijoto 20, na bustani ya Piedmont Park imejaa kaptula, mbwa na mipira. Njia ya matembezi ya BeltLine haipitiki kwa wingi wa baiskeli. Mtu anapiga picha na kuwatumia jamaa walioko Maine, jimbo la kaskazini, wanaokoroga theluji hadi magotini, na jamaa wa Maine hawajibu.

Ajabu ni chanzo cha joto hilo. Mara nyingi ni upepo wa kusini unaovutwa mbele ya mfumo wa baridi ulio njiani. Yaani siku tamu ni tarishi wa siku chungu. Sehemu nyingine dalili ya mvua ni mawingu. Atlanta dalili ya baridi ni jua. Wenyeji wanajua, ndiyo maana utamwona mzee amevaa fulana huku koti liko kwenye kiti cha nyuma cha gari. Huyo mzee mfuate. Anachofanya ndicho kanuni pekee ya mavazi mjini hapo: vaa kinachovulika, beba kinachovalika.

*Hukumu:* Alama mbili kwa kumi. Kituko gani hiki kinachokupa mchana mzuri hivyo? Kimeingia orodhani kwa kosa moja tu, kutotaja kesho yupo nani.

9. Vita vya mkate na maziwa

Mtabiri wa televisheni akitamka neno theluji saa kumi na mbili jioni, kufika saa mbili usiku rafu za mkate ziko wazi. Maziwa yamekwisha. Mayai yanahesabika. Hii si Atlanta pekee, kusini nzima ina ugonjwa huu, lakini Atlanta inaufanya kwa moyo.

Niulize jambo: kwa nini mkate na maziwa? Theluji ya Atlanta kwa kawaida inakaa siku moja au mbili. Mtu mmoja hamalizi mikate minne kwa siku mbili hata akiwa na uroho nayo. Wakati huohuo, dukani huko huko, mchele umelala, maharage yamelala, unga wa mahindi haujaguswa na mkono wa binadamu. Clarkston, kitongoji cha mashariki mwa Atlanta ambako wakimbizi wamekuwa wakipewa makazi kwa miongo kadhaa na Kiswahili cha Kongo kinasikika kwenye maegesho ya magari, mama mwenye gunia la mchele jikoni hana sababu ya kukimbia popote. Ana akiba ya mwezi. Anachohitaji kukagua ni jiko: kama linatumia umeme na umeme ukakatika, mchele mbichi nao haumsaidii. Huyo ndiye anayepaswa kununua mkate.

*Hukumu:* Alama tatu. Mkate unaisha kabla theluji haijaanza, na theluji inaisha kabla mkate haujaanza.

8. Theluji ya kaskazini, mvua ya kusini

Hapa urafiki huvunjika. Siku moja, wingu moja, jiji moja: Kennesaw na Marietta, kaskazini-magharibi, watoto wanajenga sanamu za theluji, kusini, karibu na uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson, watu wameshika miavuli. Kaskazini ardhi inapanda kidogo kuelekea milimani, na nusu ya nyuzi inatosha kuamua kinachodondoka.

Utamu wa ugomvi ni huu: kipimo rasmi cha hali ya hewa cha Atlanta kiko huko uwanja wa ndege, upande wa mvua. Kwa hiyo mtu wa kaskazini anaweza kusukuma theluji mlangoni kwa ufagio, akawasha redio, akasikia kwamba Atlanta leo haikupata theluji ya kupimika. Vitabu vitasema hivyo miaka mia ijayo. Sanamu yake ya theluji, yenye pua ya karoti na skafu, haitambuliwi na historia.

*Hukumu:* Alama nne. Ukimsikia mtu anasema "jana Atlanta ilinyesha theluji", muulize kwanza anakaa mtaa gani.

7. Krismasi tatu zisizojuana

Weka tatu hizi mezani. Krismasi ya 2010: theluji ilianguka Atlanta siku yenyewe ya sikukuu, ya kwanza ya kupimika siku hiyo tangu karne ya 19. Krismasi ya 2015: joto lilipita nyuzijoto 20, watu wakafungua zawadi za masweta wakiwa na fulana. Krismasi ya 2022: hewa ya Aktiki ilishuka siku mbili kabla, kipimo kikafika karibu nyuzi 13 chini ya sifuri, mabomba yakapasuka kwenye nyumba na chini ya barabara, na wengine wakaamkia sikukuu wakikinga maji ya darini kwa sufuria.

Nyumba nyingi za kusini zilijengwa kwa hofu ya joto. Mabomba hupitishwa darini au chini ya sakafu, penye uwazi, bila vazi la kuhifadhi joto. Maji yakiganda hutanuka, bomba likazidiwa, na kilio hakisikiki siku ya kuganda. Kinasikika siku ya kuyeyuka. Kinga ni ndogo na ya bei rahisi: acha bomba lidondoke polepole usiku kucha, fungua milango ya kabati la chini ya sinki, na ujue vali kuu ya maji iko wapi kabla hujaitafuta kwa tochi.

*Hukumu:* Alama tano. Miaka kumi na miwili, Krismasi tatu, na kadi moja tu ya salamu inayofaa zote: "Tunakutakia hali ya hewa yoyote ile."

6. Machipuko ya uongo

Februari tulivu, siku nne za jua mfululizo, na mipea ya mapambo iliyopandwa kando ya barabara inafunuka yote kwa mpigo. Maua meupe pe, mtaa mzima unapendeza kama harusi. Kisha unateremsha kioo cha gari. Harufu yake ni ya samaki aliyesahauliwa juani. Huu ni mti unaokuangusha mara mbili: kwanza kwa tangazo la msimu ambao haujafika, pili kwa manukato.

Wageni hupanda nyanya wiki hiyo. Wenyeji huwatazama kwa huruma na hawasemi kitu, jambo ambalo mimi naona ni ukatili. Machi 1993 ndiyo ushahidi mkuu: tarehe 13, wiki moja kabla ya machipuko ya kalenda, ile dhoruba kubwa iliyopewa jina la dhoruba ya karne ilipita pwani ya mashariki nzima na kuimwagia Atlanta theluji na upepo mkali. Birmingham, jirani wa Alabama, ilizikwa chini ya zaidi ya sentimita 30.

Na machipuko ya kweli yanapofika, hayaombi radhi. Yanakuja na chavua ya misonobari inayopaka kila gari rangi ya manjano. Tarehe 29 Machi 2025 kipimo cha Atlanta kilihesabu chembe 14,801 katika mita moja ya ujazo ya hewa, rekodi ya mji. Chembe 1,500 tu tayari ni kiwango cha juu kupita kiasi.

*Hukumu:* Alama sita. Baridi ya Atlanta ikiondoka, unaikumbuka kwa chafya.

5. Pichi anayehesabu saa

Tutoke mjini kidogo, maana Atlanta ina mitaa mingi mno yenye jina la Peachtree, yaani mti wa pichi, na heshima inatudai tulijue tunda lenyewe. Mashamba makubwa ya mapichi ya Georgia yako kusini zaidi, karibu na Fort Valley. Mti wa pichi hautaki majira ya joto tu. Unahesabu saa za baridi. Kila aina ina deni lake, mara nyingi kati ya saa 500 na 1,000 za hewa iliyo chini ya nyuzijoto 7 hivi. Deni lisipolipwa, mti unachanua ovyo au hauchanui. Likilipwa na Februari ikawa na joto, unachanua mapema, na usiku mmoja wa jalidi mwezi wa Machi unaua maua yote.

Kwa hiyo pichi anaweza kuuawa na joto na kuuawa na baridi ndani ya msimu mmoja. Ilitokea 2017, jimbo likapoteza sehemu kubwa ya mavuno. Ikatokea tena 2023, na safari hiyo zaidi ya asilimia 90 ya mazao ikaenda. Hili ni jimbo linalochora pichi kwenye namba za magari yake, huku California na Carolina Kusini zikivuna mengi kuliko lenyewe.

Yule anayelalamika asubuhi ya nyuzi mbili kwamba baridi haina faida, akumbuke anapouma tunda mwezi wa Juni: utamu ule ulilipiwa Januari, kwa saa, usiku, na hakuna aliyemshukuru anayelipa.

*Hukumu:* Alama sita na nusu. Kigeugeu hiki kina sahani, na ndiyo maana kimewapita wengine watano.

4. Tonado katikati ya mpira

Utasema Machi 14 si majira ya baridi. Kalenda ya jua inasema ni majira ya baridi hadi karibu tarehe 20, na kalenda haina ushabiki. Tuendelee.

Ijumaa usiku, Machi 14, 2008. Ndani ya Georgia Dome, katikati ya mji, maelfu ya watu wanatazama mpira wa kikapu wa vyuo: Alabama dhidi ya Mississippi State. Alabama wako nyuma kwa pointi tatu, sekunde zinaisha. Mykal Riley wa Alabama anarusha kutoka mbali, mpira unaingia saa ya mchezo ikimalizika, sare. Muda wa nyongeza. Watu wanakaa tena.

Dakika chache baadaye tonado lenye upepo wa karibu kilomita 210 kwa saa linapita katikati ya mji. Paa la uwanja linachanika, vyuma vinayumba, vioo vya hoteli na maghorofa vinamwagika barabarani. Mtu mmoja alipoteza maisha mjini usiku ule. Laiti mchezo ungeisha kwa wakati wake, umati ule ungekuwa nje, njiani kuelekea magari na treni. Mtupo mmoja wa kijana wa chuo uliwafungia ndani.

Mashindano yakahamishiwa ukumbi mdogo wa chuo cha Georgia Tech, timu ya Chuo Kikuu cha Georgia ikalazimika kucheza mechi mbili kwa siku moja, na Georgia ile ile, ambayo hakuna aliyeipa nafasi, ikatwaa kombe.

*Hukumu:* Alama saba. Zingekuwa nane, lakini alama moja nampa Riley, na sitaki maswali.

3. Kabari

Hiki hakipigi picha nzuri, hakina mashabiki, na ndicho kimeshika shaba. Nisikilize.

Mgandamizo mkubwa wa hewa ukikaa kaskazini-mashariki ya Marekani, unasukuma hewa baridi kushuka kusini. Upande mmoja kuna milima ya Appalachia. Hewa baridi ni nzito, haiwezi kupanda mlima. Inaufuata ukuta wa mlima hadi Georgia na kujichomeka chini ya hewa ya joto. Watabiri wa huko wanaiita kabari, na jina limeketi mahali pake. Unene wake ni mita mia chache tu, lakini ikishachomekwa haitoki kirahisi. Juu yake hewa ya Ghuba inateleza, inatengeneza mawingu, na manyunyu yanaanza.

Matokeo: Atlanta iko kijivu, nyuzijoto 4, inadondoka tone tone kutwa. Birmingham, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari kuelekea magharibi, jua linawaka na watu wanakula nje. Unaweza kuondoka Atlanta umejifunika na kufika Alabama umeshusha vioo, bila siku kubadilika. Mtu wa Njombe au wa Goma atasema baridi ya namna hii anaijua. Baridi anaijua. Asichokijua ni baridi ambayo mwisho wake unauona barabarani, kama mpaka wa wilaya.

*Hukumu:* Alama nane. Kabari peke yake inachosha tu. Iache ishuke nyuzi nne zaidi, halafu uione namba moja.

2. Januari 28, 2014

Haya, mnaosema hii ilistahili kuwa ya kwanza, mmesikika. Tulieni.

Ilikuwa Jumanne. Alfajiri Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilitoa onyo la dhoruba, lakini watu walishaamka na mpango wao: kazini kama kawaida, shuleni kama kawaida. Theluji ikaanza karibu na saa sita mchana. Shule zikafunga, ofisi za serikali zikafunga, makampuni yakafunga, yote ndani ya muda ule ule mfupi. Eneo la mji lenye zaidi ya watu milioni 5 likaingia barabarani kwa pamoja. Theluji iliyopigwa na matairi ikayeyuka, na kwa kuwa hewa ilikuwa chini ya sifuri, ikaganda tena ikawa kioo. Magari ya kumwaga chumvi na mchanga yakakwama kwenye foleni ile ile yaliyotumwa kuiokoa.

Kilichofuata kila mwenyeji ana simulizi yake. Safari za nusu saa zilichukua saa kumi na zaidi. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, wengine walikesha kwenye mabasi. Ajali zilizidi elfu moja. Mtoto wa kike alizaliwa ndani ya gari kwenye barabara kuu ya I-285. Maduka ya Home Depot, kampuni yenye makao makuu hapo hapo Atlanta, yaliacha milango wazi na watu wakalala kati ya rafu. Wasiojuana walitafutana kupitia Facebook, wakatembea gizani na termosi za supu hadi kwenye magari yaliyokwama. Gavana Nathan Deal aliomba radhi hadharani.

Kina cha theluji? Kama sentimita 6. Ndugu zetu wa Minneapolis, chekeni sasa, mkimaliza tuendelee.

Mmemaliza? Basi linganisheni. Januari 10, 2025, Atlanta ilipata kama sentimita 5, karibu kiasi kile kile. Safari hii shule zilifunga mapema, watu wakabaki majumbani, na barabara zikawa tupu. Watoto wakateleza kwa mabeseni na vifuniko vya plastiki, kufika jioni kila mtu alikuwa kwake. Mji ule ule, theluji ile ile, na tofauti nzima ilikuwa saa ambayo watu walitoka. Mji usio na jeshi la magari ya kusukuma theluji hauwezi kuishinda theluji kwa chuma. Unaishinda kwa kutulia, na Atlanta imejifunza hilo vizuri kuliko wanavyoisifia.

*Hukumu:* Alama tisa. Mlioipa kumi mlihesabu theluji. Aliyewaangusha ni barafu, na barafu ina kiti chake hapo juu.

1. Mvua inayoganda ikigusa

Huyu hapa mfalme, na haonekani.

Kumbuka kabari: tabaka jembamba la baridi chini, hewa ya joto juu. Theluji inaanza kudondoka kutoka juu kabisa, inapita kwenye joto, inayeyuka, inakuwa mvua. Inaingia kwenye kabari ikiwa maji, na hapo ardhi haiko mbali, haina muda wa kuganda tena. Inafika chini ikiwa maji ya kawaida, na kila inachogusa, lami, waya, tawi, ngazi, kitasa, inakiganda. Ukitazama dirishani unaona mvua. Ukitia mguu nje unakutana na anga.

Hewa ikiwa nyuzi moja juu ya sifuri, unapata siku chepechepe ya kukaa na kahawa. Ikiwa nyuzi moja chini, unapata hasara ya mamilioni. Hakuna kingine orodhani hapa kinachobadilika kwa bei ndogo hivyo. Madaraja hutangulia kuganda, kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake, na Atlanta ni mji wa madaraja ya barabara juu ya barabara. Halafu kuna miti. Karibu nusu ya eneo la mji limefunikwa na matawi, jambo tunalolipenda wote mwezi wa Julai. Msonobari haupukutishi majani yake. Kila sindano inashika barafu, tawi linaelemewa, linaangukia waya ambao nao umebeba mzigo wa mamia ya kilo, na mtaa unaingia gizani.

Muulizeni mtu aliyekuwepo Januari 2000. Wikendi ya tarehe 22 na 23, dhoruba ya barafu iliwakatia umeme mamia ya maelfu ya watu. Wiki iliyofuata, barafu nyingine, na safari hii mji una wageni wa dunia nzima: Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, ilipangwa Georgia Dome tarehe 30. Wageni waliokuja kusini kuikimbia baridi wakateleza kwenye vijia vya hoteli. Mchezo wenyewe ulikuwa ndani na ulikuwa mtamu, Titans wakazuiwa yadi moja kabla ya kusawazisha, Rams wakashinda. Yadi moja uwanjani, nyuzi moja nje. Wikendi ile kila kitu kiliamuliwa na kimoja. Super Bowl haikurudi Atlanta hadi 2019.

Sasa neno la kweli, kwa anayesoma huku akihamia miji ya kusini. Umeme ukikatika kwenye baridi kama hii, usiingize jiko la mkaa ndani, wala jenereta, wala usiache gari likinguruma kwenye gereji. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua familia iliyolala ikiota moto. Kusanyikeni chumba kimoja, zibeni nyufa za milango kwa khanga na mataulo, vaeni vingi. Kama jirani ana umeme, nenda kwake. Aibu ya kubisha hodi inapona kufikia asubuhi.

*Hukumu:* Kumi kwa kumi. Theluji hupiga hodi. Hii inaingia ikiwa imevaa nguo za mvua.

Waliobaki nje, na mlango wa ubishi

Januari 1985, ile ya nyuzi 22 chini ya sifuri, haimo. Naijua, niliitaja mwenyewe hapo mwanzo. Ilikuwa kali, lakini ilikuwa baridi iliyosema "mimi ni baridi" na ikawa baridi. Kwa kigezo chetu, huo ni uaminifu. Anayetaka kuitetea alete hoja, si kipimajoto.

Wapo watakaosema tonado ni la machipuko, wapo watakaoitetea pichi ipande hadi tatu, na wa Kennesaw najua watadai namba nane yao ni namba moja. Madai yote yanapokelewa. Pangeni upya, gombaneni mezani, mwamuzi awe mama mwenye gunia la mchele, kwa kuwa ndiye pekee asiyekuwa na haraka. Sharti ni moja tu: mtabiri akitaja barafu, ubishi wote uendelee kila mtu akiwa kwake.